Kitako

Komanda Mugaruka ameniuliza leo asubuhi,
kalamu ameichomeka nyuma ya sikio kama muuza sambaza:
"Mama Nsimire, tunapewa kumi na mbili. Za mti au za kukunja?"
Kana kwamba ananiuliza chumvi au sukari.

Miaka tisa naziandika kwenye daftari,
zinazotoka alfajiri,
zinazorudi na majani ya mianzi yamenasa kwenye mkanda.
Sijapata kufyatua hata moja.
Ila nimezipangusa zote, na chombo humwambia anayekipangusa
mambo ambacho hakimwambii anayekibeba.

Ya kukunja, nakubali, inajua njia.
Pikapu yetu hubeba walinzi wanane na gunia la unga;
zile ndefu hugombana humo kama wapangaji wa Kadutu,
mtutu wa huyu kwenye mbavu za yule,
na kila shimo la barabara ya mlimani lina neno la kuongeza.
Ndani ya mianzi ndiyo kabisa:
ndefu hushikwa kila hatua, kama mdaiwa sokoni.
Fupi hupita.

Hupita, ndiyo. Lakini ikiwa imekunjwa
haina bega.
Inatema moja moja, kwa adabu, kama ilivyofundishwa,
na kila moja inaenda inakotaka yenyewe.
Sharti uikunjue, usikie kile "ta!" cha kufuli.
Muda wa hiyo "ta" ni mfupi, mimi hukohoa kwa muda mrefu zaidi,
ila mimi sikohoi mbele ya mtu aliyekwisha kulenga.

Na shavu je? Mwulizeni Zihalirwa.
Baridi ya kule juu, saa kumi na moja,
chuma kitupu juu ya ngozi;
alirudi na mstari usoni kama mtoto aliyelalia ukindu.
Mti hushika joto la mkono uliotangulia.

Halafu bawaba. Ee Mungu, bawaba.
Mwaka wa kwanza imekaza,
wa pili inanong'ona,
wa tatu inacheza kama jino la mtoto.
Fundi Cishugi huitikisa karibu na sikio, husonya:
"Samaki hukunjwa angali mbichi, mama.
Hii imekunjwa hata imechoka."

Yote hayo nimemweleza Komanda, akaandika.
Moja sikumweleza, kwa sababu analijua.

Za kukunja tulikuwa nazo nne.
Mwezi wa tatu, mvua ya Bukavu ikipiga mabati
hadi mtu hasikii jina lake,
nilihesabu jioni: tatu.
Nikahesabu tena kwa kuzigusa. Tatu.
Ndefu haitoki mlangoni bila kuniaga,
itagonga kizingiti, itachungulia chini ya koti.
Ile ilitoka imelala ubavuni mwa mtu
niliyemmiminia chai yangu mwenyewe,
imejikunja kama paka wa nyumbani.
Nilitaka kuinuka nimsindikize.
Akaniambia, kwa upole mwingi:
"Kaa kitako, mama. Mvua hii itakuua."
Nami nikakaa.

Sasa Komanda amesoma orodha yangu yote,
amehesabu nafasi za pikapu,
ameandika: za kukunja.
Si mjinga. Barabara ndiyo iliyoamua.

Basi nimechukua nyundo
nimepigilia misumari ukutani, upande wa nje,
chini ya lile bati linalovuja.
Makoti yote yatabaki hapo, inyeshe isinyeshe.
La Komanda, msumari wa kwanza.

Kiti changu nimekisogeza mlangoni.
Sikikalii.